Wazazi wameachana, mtoto ni wa jimbo gani?

Mume na mke wakikosana hapa Nairobi, wazee huitwa, chai hunywewa, na mambo yakishindikana kesi ya watoto huishia mahakamani Milimani. Lakini tuseme wawili hao ni Wakenya walioishi Dallas, jimbo la Texas huko Marekani, kwa miaka minne. Siku moja mwezi wa Januari baba anarudi kutoka kazini na kukuta nyumba tupu. Mke amechukua watoto na kwenda kwa dadake Minneapolis, jimbo la Minnesota. Je, ni jaji wa wapi atakayeamua watoto wakae na nani?

Zamani jibu lilikuwa vurugu tupu. Kila jimbo kati ya yale 50 lina sheria zake za talaka, na mzazi aliyeshindwa jimbo moja aliweza kumbeba mtoto, akavuka mpaka na kufungua kesi upya. Mnamo 1953 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Ohio haikulazimika kufuata amri ya Wisconsin iliyompa baba watoto wake watatu, kwa kuwa korti ya Wisconsin haikuwa na mamlaka juu ya mama yao aliyekuwa amehama. Wajanja wakajua la kufanya. Hatimaye, mwaka 1980, bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuzuia wazazi kuwaiba watoto wao wenyewe, na 1997 ikaandikwa sheria ya mfano ambayo karibu majimbo yote yameikubali.

Sheria hiyo haianzi kwa kuuliza nani alikosea, wala mtoto ni wa ukoo gani, jambo ambalo sisi hupenda kutanguliza. Huuliza mtoto ameishi wapi kwa miezi 6 mfululizo kabla ya kesi kufunguliwa. Hapo ndipo nyumbani kwake. Kwa hivyo mama yetu akienda kortini Minneapolis mwezi wa Machi, ataambiwa kesi ni ya Texas, maadamu baba angali huko.

Baba naye asishangilie. Wanaume wetu wengi hungoja hasira zipoe, huku wajomba wakipiga simu kutoka Kisii au Murang'a kutafuta suluhu. Ni desturi nzuri, lakini kalenda ya korti haiwangojei wajomba. Akikaa kimya hadi Agosti, miezi 6 itakuwa imepita, na Minnesota ndiyo itakayokuwa nyumbani kwa watoto. Yeye ndiye atakayekata tiketi ya ndege kila siku ya kesi.

Na kama mama alikimbia kipigo? Hapo sheria ina mlango wa dharura. Korti ya mahali watoto walipo yaweza kutoa amri ya muda ikiwa mtoto, nduguye au mzazi anadhulumiwa au kutishwa. Majaji wa majimbo hayo mawili huzungumza wao kwa wao. Mama aliye katika hali hiyo asiondoke mikono mitupu ikiwa anaweza kubeba ripoti ya polisi au barua ya daktari.

Kuna pia wanaodhani talaka na watoto ni kesi moja. Sivyo. Nevada humruhusu mtu kuomba talaka baada ya kuishi huko wiki 6 tu. Ndoa yaweza kuvunjwa Nevada, lakini watoto walioko Texas hubaki chini ya korti ya Texas. Na korti ikishatoa amri halali ya kwanza, kwa kawaida hubaki na mamlaka hayo hadi wazazi wote na mtoto wawe wamehama.

Sasa lile linalotugusa zaidi: kumleta mtoto kwa nyanya yake huku nyumbani. Mbele ya jaji wa Marekani, Kenya huhesabiwa kama jimbo lingine. Mtoto akija kutembea tu, muda huo haumwondolei nyumbani kwake kule. Tatizo huanza mzazi mmoja anaposema tulikubaliana likizo ya Agosti, na mwingine anadai tulikubaliana ahamie na kusomea hapa. Jaji hutaka kuona tiketi ya kurudi, fomu za shule na ujumbe walioandikiana kwa simu kabla ya safari.