Kumi na Mmoja Bora wa Kongo: Nani Anastahili?



Katika mji wetu wa Goma watu hubishana juu ya mambo mengi, lakini uko ubishi mmoja usiozeeka. Siku ya Dominika, Misa Takatifu ikiisha, vijana wakielekea Stade de l'Unité kuwatazama Dauphins Noirs au Virunga, utawasikia wakiulizana: Kama wachezaji wote waliopata kuvaa jezi ya taifa letu wangekusanywa siku moja, kila mtu akiwa na nguvu zake za ujana, wewe ungewachagua kumi na mmoja gani? Mzee huwataja watu wa mwaka 1974. Kijana hucheka, akawataja wale aliowaona kwa macho yake. Mwisho hapana anayeshinda, kila mtu huenda zake na timu yake moyoni.

Tusidhani kwamba huo ni mchezo wa bure. Kanisa latufundisha kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Naye achaguaye timu amekalia kiti cha hakimu: mbele yake wamesimama watu wa kabila lake na wa makabila mengine, hai na marehemu, wenye sifa na waliosahauliwa. Je, atamtazama mtu au atatazama uso wa mtu? Basi, hapa naweka timu yangu pamoja na sababu zake, ili msomaji aipime.

Misioni na mpira

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba mpira wa nchi hii ulilelewa kwa sehemu kubwa katika viwanja vya misioni. Padre Raphaël de la Kéthulle wa Shirika la Scheut, aliyeitwa na watu Tata Raphaël, alifika Kongo mwaka 1917, akafungua shule, akaanzisha vyama vya michezo katika Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Uwanja mkubwa uliofunguliwa huko mwaka 1952 sasa wachukua jina lake. Ndimo Muhammad Ali alimopigana na George Foreman mwaka 1974. Katika Élisabethville, yaani Lubumbashi, Wabenediktini wa Institut Saint-Boniface walianzisha mwaka 1939 timu iliyopewa jina la Mtakatifu Georges. Timu hiyo baadaye iliitwa Englebert, na leo ni Tout Puissant Mazembe, iliyotwaa kombe la klabu bingwa la Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015.

Kanuni tatu

Hakimu asiye na sheria huhukumu kwa hasira au kwa upendeleo. Kwa hiyo nimejiwekea kanuni tatu. Ya kwanza: mchezaji awe ameivaa jezi ya Chui, timu ya taifa letu. Kwa kanuni hiyo nimewaacha Claude Makélélé na Steve Mandanda, waliozaliwa Kinshasa wakaichezea Ufaransa, na Romelu Lukaku wa Ubelgiji, ambaye baba yake, Roger, aliichezea Zaire. Ya pili: mtu apimwe kwa kazi yake yote, si kwa siku moja, iwe njema au mbaya. Ya tatu: kabila, jimbo na klabu visihesabiwe.

Msomaji asishangae akiona majina ya wazee hawa yameandikwa kwa namna mbalimbali vitabuni. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya ubatizo ya kigeni, na wachezaji wengi wakajulikana kwa majina mengine.

Langoni na nyuma

Golikipa wangu ni Robert Kazadi Mwamba. Mwaka 1968, katika Addis Ababa, alilinda lango tulipoifunga Ghana bao 1 kwa 0 na kutwaa Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza, kwa bao la Pierre Kalala. Mwaka 1974 alikuwapo tena tulipolitwaa mara ya pili katika Misri. Wengine watanikumbusha mchezo wa Kombe la Dunia wa mwaka huo huo, Yugoslavia ilipotufunga mabao 9, na Kazadi akatolewa baada ya kufungwa matatu. Nami najibu kwa kanuni ya pili: tusimhukumu mtu kwa saa moja ya maisha yake. Akiba wake ni Robert Kidiaba wa Mazembe, ambaye watoto wote wamjua kwa jinsi alivyoruka-ruka uwanjani kwa matako kila timu yake ilipofunga. Mwaka 2010 alikuwa golikipa wa Mazembe ilipoishinda Internacional ya Brazil na kufika fainali ya klabu za dunia, ya kwanza kwa klabu ya Afrika.

Beki wa kulia ni Mwepu Ilunga, na wa kushoto ni Mwanza Mukombo, wote wawili wa Mazembe. Huyo Mwepu ndiye ulimwengu uliyemcheka miaka mingi. Tarehe 22 Juni 1974, Brazil ilipopewa mpira wa adhabu, yeye alitoka mbio katika ukuta wa wenzake akaupiga mpira mbali kabla ya Wabrazil kuugusa. Watu wakasema: Tazameni, Mwafrika hajui sheria. Lakini mwenyewe alieleza baadaye kwamba sheria aliijua vema, na kwamba wachezaji walikuwa wametishwa na watu wa Mobutu wasithubutu kufungwa mabao mengi tena. Mtu aliyeonekana mjinga kumbe alikuwa katika hofu. Wangapi miongoni mwetu huwacheka watu wasioujua mzigo wao!

Katikati ya ngome nawaweka Bwanga Tshimen na Chancel Mbemba. Bwanga alichaguliwa mwaka 1973 kuwa mchezaji bora wa Afrika. Mbemba, mzaliwa wa Kinshasa, aliongoza timu yetu kama kapteni hadi nusu fainali ya Afrika mwaka 2024, na mwezi wa Novemba 2025, katika Rabat, ndiye aliyepiga penalti iliyoitoa Nigeria katika safari ya kutafuta Kombe la Dunia.

Katikati ya uwanja

Hapa naanza na Kidumu Mantantu wa Imana, kapteni wa timu ya 1974, ya kwanza kutoka Afrika iliyo kusini ya Sahara kucheza Kombe la Dunia. Pamoja naye ni Kibonge Mafu wa V.Club, aliyekuwamo katika kikosi hicho.

Wa tatu ni Trésor Mputu, aliyekuwa kapteni wa Mazembe ilipotwaa kombe la Afrika mwaka 2009. Mwaka huo huo alikuwa mchezaji bora wa michuano ya kwanza ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani, ambayo Kongo ilishinda. Kipaji chake hakina ubishi. Lakini mwaka 2010, katika Kigali, alimshambulia mwamuzi, naye FIFA ikamfungia mwaka mzima. Kwa hiyo wenzake walipocheza fainali ya dunia katika Abu Dhabi, yeye hakuwamo. Namchagua kwa haki, kwa kuwa alistahili. Walakini wanafunzi wasiisahau habari hiyo: hasira ya dakika moja yaweza kumnyima mtu siku kuu ya maisha yake.

Mbele

Upande mmoja ni Kakoko Etepe wa Imana, fundi wa kupiga chenga, ambaye baadaye alicheza Ujerumani. Upande wa pili ni Shabani Nonda. Huyu alizaliwa Bujumbura, akaichezea Young Africans ya Dar es Salaam, akapita Afrika Kusini na Uswisi, akafika Ufaransa. Mwaka 2004 aliifunga Chelsea katika nusu fainali ya Ulaya, na Monaco ikaingia fainali. Katika nchi zetu za Maziwa Makuu, ambamo watu huulizana asili kwa jicho kali, Nonda atuonyesha kwamba mtoto aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka aweza kuitumikia nchi ya wazazi wake kwa heshima.

Katikati yao, bila kusita, ni Ndaye Mulamba.

Mtu aliyeombolezwa akiwa hai

Ndaye, mzaliwa wa Luluabourg, yaani Kananga ya leo, alifunga mabao 9 katika Kombe la Afrika la 1974. Fainali na Zambia ilikwisha 2 kwa 2, ikarudiwa baada ya siku mbili, tukashinda 2 kwa 0. Mabao yote 4 ya siku hizo mbili ni ya Ndaye. Hakuna aliyefikia idadi yake katika michuano moja mpaka leo. Mobutu aliwazawadia wachezaji nyumba na magari.

Lakini sifa ya dunia ni moshi. Katika mchezo wa Yugoslavia mwamuzi alimfukuza Ndaye kwa kosa la kumpiga teke, ambalo Mwepu mwenyewe alikiri baadaye kuwa lake. Mwaka 1994 Ndaye alialikwa Tunisia, akapewa nishani. Aliporudi nyumbani watu wenye silaha walimpiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini, akaishi katika umaskini. Mwaka 1998, wakati wa Kombe la Afrika katika Burkina Faso, ilitangazwa kwamba amefariki, na uwanja ukakaa kimya dakika moja kumwomboleza. Kumbe alikuwa hai! Alifariki kwa kweli mwezi wa Januari 2019. Tulijua kumlilia kuliko kumtafuta. Hiyo ni aibu ya wengi.

Mbona hakuna klabu ya Goma?

Najua msomaji wa hapa atauliza: Mwalimu, katika kumi na mmoja hawa mbona hakuna aliyetajwa kwa klabu ya Goma? Jibu langu ni kanuni ya tatu. Timu haigawanywi kama nyama ya sherehe, kila ukoo kipande chake. Nikimwingiza mtu kwa sababu ni jirani yangu, nimemwibia aliyestahili, na jirani nimemvisha nguo isiyo yake.

Tena tukumbuke jambo moja. Tarehe 7 Februari 2024, katika Abidjan, kabla ya nusu fainali na Côte d'Ivoire, wachezaji wetu walisimama wakati wa wimbo wa taifa, kila mmoja amefunika kinywa kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono wa pili ameviweka kichwani kama bunduki. Siku zile wakimbizi walikuwa wamejaa katika kambi za Kanyaruchinya na Bulengo. Wachezaji wengi wa timu ile walizaliwa Ulaya, nao walisema kwa ishara, mbele ya dunia, kwamba watu wa mashariki wanauawa na dunia imenyamaza. Tulifungwa bao 1 kwa 0, lakini hawakutuuliza sisi ni wa kabila gani.

Basi, enyi wanafunzi mnaocheza juu ya mawe meusi ya Nyiragongo, andikeni nanyi kumi na mmoja wenu. Ondoeni wangu mkiona nimekosea. Huenda mtamtaka Lobilo Boba, au Kembo, au Dieumerci Mbokani, na kila mmoja ana hoja yake. Lakini kando ya kila jina andikeni sababu, na sababu isiwe kabila. Atakayejifunza kuchagua hivyo katika mpira, kesho atajua kuchagua hivyo katika kura, katika kazi na katika baraza la kijiji. Na tuwaombee marehemu wote waliotajwa hapa, Ndaye hasa, wapate pumziko la milele.