Fiksa iliyochoka ni fedha, usiimwage mtaroni

KABLA ya simu zenye kamera kuenea, picha ya kitambulisho au ya harusi ilikuwa lazima ipitie chumba cha giza. Humo kulikuwa na beseni la divelopa na beseni la fiksa, na dawa ikichoka, ilimwagwa mtaroni. Siku hizi mpiga picha wa vijijini, kama pale Titye wilayani Kasulu, anatumia printa ya wino. Hata hivyo, fiksa haijatoweka. Bado inatumika katika maabara zinazosafisha picha kwa karatasi yenye madini ya fedha na katika vituo vya eksirei ambavyo havijahamia dijitali.

Divelopa ikiingia mtoni hula hewa ya oksijeni ambayo samaki wanaitegemea. Fiksa nayo hubeba fedha iliyoyeyuka kutoka kwenye filamu. Mto Ruchugi unaopita Kasulu huingia Malagarasi, nao Malagarasi humwaga Ziwa Tanganyika, walikotoka dagaa tunaowanunua sokoni. Kumwaga kwenye shimo la choo si dawa, hasa kama kisima kiko jirani.

Sasa tuangalie hesabu, maana hapo ndipo mfanyabiashara husikiliza. Fiksa iliyochoka ya eksirei kwa kawaida huwa na gramu 3 hadi 8 za fedha kwa lita. Tukichukua gramu 4, dumu la lita 20 lina gramu 80. Njia rahisi ya kuitoa ni kuipitisha polepole kwenye ndoo ya plastiki yenye nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zile zinazoshika kutu. Chuma huyeyuka na fedha hubaki chini kama tope jeusi, ambalo husafishwa na wenye utaalamu. Kituo kimoja kidogo hakitafikisha mzigo wa kuuza, hivyo ni heri kadhaa wakusanye pamoja.

Maji yanayobaki bado ni taka hatarishi. Yatunzwe hadi yachukuliwe na mwenye kibali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia pia shughuli zinazoweza kuharibu mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Usichanganye fiksa na jiki wala asidi, kwani hutoa hewa yenye sumu. Dumu liandikwe jina la dawa na tarehe, na lisitumike tena kubebea maji ya kunywa wala mawese.