Umeme Ukipanda Mlima: Sheria, Betri na Barabara za Mbulu

Barabara ya kutoka Dareda kwenda Dongobesh hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, na hapo ndipo injini ya bodaboda hulia kwelikweli. Dereva amebeba abiria, nyuma yake limefungwa gunia la vitunguu swaumu, na kadiri wanavyopanda ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Katika mwinuko wa mita 2,000, injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake kwa kukosa oksijeni ya kutosha. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo nguvu yake ni ileile bondeni na mlimani.

Hesabu yake si ngumu. Pikipiki, watu wawili na mzigo, jumla kilo 300, vikipandishwa mita 500 huhitaji uniti 0.4 hivi za umeme. Ukiongeza kinachopotea njiani, hiyo ni kama nusu uniti, nayo kwa bei ya kawaida ya TANESCO pamoja na kodi haifiki shilingi 200. Mwendo wenyewe nao una gharama yake, lakini mota hugeuza zaidi ya asilimia 80 ya nishati kuwa mwendo, wakati injini ya petroli huambulia robo tu. Wakati wa kushuka, mota yenye mfumo wa kuvuna nishati hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri.

Kama hesabu inakubali hivyo, kwa nini Nambis, Haydom na Katesh bado zinanguruma kwa petroli? Kikwazo kikubwa ni bei ya kununulia, hasa ya betri, na mahali pa kuchajia. Hapo ndipo sheria inapoingia.

Rwanda iliwahi mapema. Aprili 2021 baraza lake la mawaziri liliondoa ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani kwenye vyombo vya usafiri vya umeme na vipuri vyake. Halafu likafanya jambo ambalo nchi nyingi husahau: vituo vya kuchajia vikapewa umeme kwa bei ya viwanda, na vinavyojengwa kwenye ardhi ya serikali vikasamehewa pango. Kuanzia Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria haisajiliwi Kigali kama si ya umeme.

Kenya ilianzia kwenye mita. Mwaka 2023 mamlaka yake ya nishati, EPRA, ilipitisha bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri: shilingi 16 za Kenya kwa uniti, na 8 usiku gridi inapokuwa na mzigo mdogo. Mwaka huohuo ikatoa mwongozo wa vituo vya kuchajia na vya kubadilishia betri. Kwa dereva wa bodaboda, kubadilisha betri ndiko kwenye maana, kwani anaacha iliyokwisha, anachukua iliyojaa, na baada ya dakika chache yuko barabarani. Tena betri ikiwa mali ya kituo, bei ya pikipiki yenyewe hushuka.

Kwa vijiji vya mkoa huu wa Manyara, njia hiyo ya kubadilisha betri ina faida nyingine. Chaja ya kasi ya gari yenye kilowati 50 ingemaliza peke yake transfoma ya kVA 50, ya aina inayoonekana sana kwenye nguzo za vijijini. Betri ya pikipiki yenye uniti tatu hujaa usiku kucha kwa umeme usiozidi wa pasi ya nguo. Kazi ya REA, wakala wa nishati vijijini, ya kufikisha nyaya huko, iliyotokana na Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005, imekwisha kuweka msingi. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeongeza umeme wenyewe.

Ila msamaha wa kodi una upande wa pili. Mfuko wa Barabara wa Tanzania hutegemea sana tozo inayokatwa kwenye mafuta. Mwaka 2021 tozo hiyo iliongezwa shilingi 100 kwa lita, na nyongeza hiyo ikaelekezwa TARURA, wakala unaohudumia barabara za wilaya kama zile za Mbulu na Hanang. Anayetumia betri hapiti sheli, hivyo hachangii kitu, ingawa tope la masika linamnasa kama wenzake.

Nchi zilizotangulia zimeshakutana na pengo kama hilo. Norway, iliyoanza kuondoa kodi za magari ya umeme mwaka 1990, ilifika 2024 huku karibu magari 9 kati ya 10 mapya yakiwa ya umeme. Tangu 2023 imerudisha sehemu ya kodi kwa magari ya bei kubwa. New Zealand tangu Aprili 2024 inawatoza wenye magari ya umeme kwa kilomita wanazotembea.

Tanzania ina njia iliyo karibu zaidi. Kila uniti ya LUKU tayari hukatwa asilimia tatu kwa ajili ya umeme wa vijijini. Kituo cha kuchajia kikiwa na mita yake, EWURA, mdhibiti wa bei za umeme, inaweza kukipangia bei nafuu ya usiku leo, na pikipiki zikishakuwa nyingi, mita hiyohiyo ikakusanya mchango wa barabara.