Zana za Shamba: Lini Utengeneze, Lini Ununue Mpya

Wakulima wanapojiandaa kwa mvua ndefu za Machi hadi Mei, wengi wanatoa stoo zana zilizokaa tangu msimu uliopita. Baadhi zimeshika kutu, nyingine mipini inacheza. Kabla ya kutupa kifaa au kukirudisha kazini, mkulima anashauriwa kujiuliza maswali matatu: Kikitengenezwa kitakuwa salama? Vipuri vyake vinapatikana? Gharama ya fundi inalingana na bei ya kipya?

Jembe na panga

Mpini uliooza si sababu ya kununua jembe jipya. Mpini hubadilishwa na kukazwa kwa kabari. Kuufunga kwa waya au mpira hakutoshi, kwani chuma kinaweza kuchomoka na kumjeruhi aliye karibu. Makali yaliyobutuka hunolewa kwa tupa, na kutu ya juu husuguliwa kwa brashi ya waya.

Hata hivyo, jembe lililopasuka kwenye tundu la mpini, au panga lenye ufa, linafaa kubadilishwa. Joto la kuchomelea hudhoofisha chuma kilichokazwa kiwandani, hivyo ufa unaweza kurudi katikati ya kazi.

Toroli

Tairi hubadilishwa, na tundu dogo kwenye karai huchomelewa na fundi wa jua kali. Fremu ikiwa imeliwa na kutu sehemu nyingi, kuitengeneza ni kupoteza pesa.

Bomba la kunyunyizia dawa

Hiki ndicho kifaa kisichofaa kufanyiwa mzaha. Bomba likivuja, dawa hulowesha nguo na kuingia mwilini kupitia ngozi ya mgongo. Lijaribiwe kwa maji safi kwanza. Mpira wa ndani, paipu na nozeli ni vipuri vya bei nafuu na hubadilishwa. Tangi lililopasuka lisizibwe kwa plastiki iliyoyeyushwa. Linunuliwe bomba jipya.

Nozeli nayo huchakaa bila kuonekana. Pima maji inayotoa kwa dakika moja, kisha ulinganishe na nozeli mpya ya aina hiyo hiyo, kwa mgandamizo sawa. Ikizidisha kwa zaidi ya asilimia 10, ibadilishwe, kwa sababu inamwaga dawa kupita kipimo. Nozeli iliyoziba isipulizwe kwa mdomo wala kuchokonolewa kwa waya. Ioshwe kwa maji na brashi laini.

Hesabu ya gharama

Kanuni rahisi ni hii: kifaa kikuukuu kikihitaji matengenezo yanayozidi nusu ya bei ya kipya, ni heri kununua. Kwa mfano, toroli jipya likiuzwa shilingi 5,000 na fundi anataka 3,000 kutengeneza la zamani, akiba hiyo ya 2,000 inaweza kumezwa na safari ya pili kwa fundi.

Ukaguzi ufanywe mapema, kabla ya mafundi kuzidiwa na kazi. Mkulima asiye na uhakika kuhusu bomba lake anaweza kuomba ushauri kwa afisa wa kilimo wa wadi yake.