Nililipa Kufunzwa Kasi, Nikafunzwa Kusimama

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi, baridi ya Limuru inakuingia hadi kwa mifupa, na mimi niko kando ya Subaru Impreza WRX STI ya buluu nikiipiga picha ya kumi na nne. Nilikuwa nimelipa elfu ishirini na tano. Hizo pesa zilitoka kwa lenzi ya kamera niliyouza, na mathe hadi leo anajua lenzi iliibiwa. Mama, kama unasoma hii, pole.

Kozi ni ya siku moja. Unafunzwa kuendesha magari ya spoti kwa kasi, kwenye barabara ya lami iliyofungwa, helmeti kichwani na mwalimu kando yako. Tulikuwa wanafunzi wanane. Sita tulikuwa vijana wa kiume, na nyuso zetu zilisema kitu kimoja: leo ni kukanyaga mafuta.

Mwalimu wetu ni mzee wa miaka hamsini na kitu, mtu wa maneno machache aliyeshindana kwenye rally kabla hatujazaliwa. Alitupanga kando ya magari akatuangalia mmoja mmoja.

"Kwenda mbio kila mtu anajua," akasema. "Asubuhi hii tunajifunza kusimama."

Wasee walicheka. Yeye hakucheka.

Kabla hata ya kuwasha injini, tulitumia nusu saa kwa kiti. Nusu saa! Mimi huendesha kiti kikiwa kimelala nyuma, mkono mmoja juu ya usukani, ile staili mnajua. Mzee alikivuta mbele. Ukikanyaga breki hadi mwisho, goti libaki limekunjwa kidogo. Ukinyoosha mkono juu ya usukani, kifundo cha mkono kifike pale juu bila bega kutoka kwa kiti. Nilijiona kama nyanya yangu akiendesha. Baadaye ndio nilielewa: mguu ulionyooka hauna nguvu ya kukanyaga chochote.

Zoezi la kwanza ni rahisi kusema. Fika kilomita 60 kwa saa, ukifika kwa koni nyekundu, kanyaga breki kwa nguvu zako zote, usimame.

Mara ya kwanza niliikanyaga polepole, vile tunafanya mtaani ili abiria wasilalamike. Tukapita mbali sana. "Umeibembeleza," mzee akasema. "Rudi."

Mara ya pili nikakanyaga kwa hasira. Pedali ikaanza kutetemeka chini ya mguu wangu, mlio wa kukwaruza ukatoka huko chini, na kabla sijafikiria, nilikuwa nimetoa mguu.

"Kwa nini umeachilia?"

"Nilidhani nimeharibu kitu, mwalimu."

"Hapo ndipo gari ilikuwa inakusaidia."

Akanieleza pole pole. Tairi inayozunguka inashika lami. Tairi iliyokwama inateleza tu, na ikiteleza, hata ukizungusha usukani gari halikusikii. ABS ni mfumo unaozuia tairi zisikwame: unaachilia na kubana breki mara nyingi ndani ya sekunde moja, haraka kuliko mguu wa binadamu yeyote. Huo mtetemo ndio kazi yenyewe. Ukitoa mguu, umeifuta kazi hiyo.

Nilinyamaza. Mlio ule nilikuwa nimewahi kuusikia.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Mimi na beshte yangu tulikuwa tunatoka sherehe, saa nane usiku, yeye akiendesha gari la mjomba wake. Mbele yetu kulikuwa na lori lililoharibika, halina taa, halina kiakisi, limesimama tu barabarani kama ukuta. Beshte akakanyaga breki. Nilisikia mlio ule ule. Akapiga kelele, "Breki zimeenda!" Akatoa mguu, akakanyaga, akatoa tena. Tuliingia kona ya lori upande wake.

Mimi nilivunjika mfupa wa bega. Yeye ana chuma kwa paja hadi leo, na tangu siku hiyo hajashika usukani. Nilikosa muhula, halafu nikakosa karo, halafu nikakosa sababu ya kurudi. Mjomba wake alimlaumu mekanika hadi wakakosana kabisa. Kwa miaka mitatu, hadithi yetu imekuwa hiyo: breki zilikufa.

Siwezi kuapa kwamba zilikuwa nzima. Lakini huo mlio sasa naujua jina.

Nilirudia zoezi mara sita. Mara ya sita nilibana hadi kiti kikalia, nikahesabu hatua kutoka kwa koni: kumi na nane. Mzee akasema tupandishe hadi 80. Spidi imeongezeka kwa theluthi moja tu, lakini umbali wa kusimama ulikaribia kuwa maradufu. Hesabu yake haina huruma: ukizidisha kasi mara mbili, breki zinahitaji umbali mara nne. Na hiyo ni kabla ya kuhesabu akili yako. Kwa kilomita 100 kwa saa, gari linakula karibu mita 28 kila sekunde. Ile sekunde moja ya kushtuka, hujagusa breki, mita 28 zimeenda.

Baada ya chai tulihamia kwenye kona, na Toyota GT86. Hili injini iko mbele, lakini tairi za nyuma ndizo zinasukuma. Sheria ni kwamba unamaliza kubana breki gari likiwa limenyooka, ndio ukate kona, ndio urudishe mafuta taratibu ukitoka. Sababu ni uzito. Ukibana breki, uzito wa gari unakimbilia mbele na tairi za nyuma zinabaki nyepesi. Kila tairi inagusa lami kwa eneo lisilozidi sana kiganja chako, na hicho kiganja hakiwezi kukata kona na kubana breki kwa nguvu zote kwa wakati mmoja.

Bila shaka nilijaribu. Niliingia kona nikiwa mbio, nikaogopa, nikatoa mafuta ghafla katikati. Mkia ukanipita. Nilizunguka mzima mzima, nikaishia kuangalia nilikotoka, moshi wa tairi ukiingia dirishani.

"Ulikuwa unaangalia wapi?" mzee akauliza, sauti ile ile ya chini.

"Zile koni."

"Na umeenda wapi?"

Kwa koni. Mikono hufuata macho. Ukikodolea macho kitu unachoogopa kugonga, utakigonga. Angalia pale unataka kwenda, hata kama gari linaangalia kwingine.

Saa ya chakula, kijana mmoja aliuliza kile sote tulitaka kuuliza: sasa hizi mbinu tunaweza kuzitumia bypass usiku? Sisi ni watoto wa Safari Rally, bana. Tumelelewa na hadithi za Patrick Njiru, aliyemaliza wa nne 1994 ndani ya Subaru, na mashindano ya dunia yaliporudi 2021 nusu ya mbogi yangu ililala Naivasha kwa hema.

Mzee aliweka sahani chini. "Dereva wa rally amefungiwa barabara. Amepitia kila kona mapema. Kando yake kuna mtu anamsomea kila kitu kilicho mbele. Wewe bypass una nani kando yako?"

Hakuna aliyejibu. Sote tunajua tuna nani: tuna mtu wa kusema "kanyaga".

Na ndio, jioni tulikanyaga. Mzunguko wa mwisho nilikuwa abiria wake, na sikuhisi kama anaharakisha. Hakuna kelele za tairi, mikono yake haikuruka. Nilipoona mita nilishtuka. Kasi yake yote ilikuwa imejengwa na breki.

Nikiwa kwa matatu nikirudi mjini, nilijiuliza kama nimwambie beshte. Kumwambia ni kusema pengine ule mguu wake ungebaki chini, angekuwa anatembea sawa. Kutomwambia ni kumwacha aogope magari maisha yake yote, na mjomba aendelee kumchukia mekanika.

Nilishuka kwao. Nikamweleza yote, hadi ule mtetemo. Alikaa kimya muda mrefu, akisugua paja.

"Shule ya udereva nilifundishwa ile bodi ya mji mdogo na vigari vya kuchezea," akasema. "Nikafundishwa kuondoka kwa mlima. Hakuna mtu aliniambia breki hutetemeka."

Mimi pia hakuna aliyeniambia. Wewe je?

Basi nakuambia mimi, tena bure, hauhitaji kuuza lenzi. Kama gari lako lina ABS, tafuta mahali wazi pasipo na mtu, hakikisha hakuna aliye nyuma yako, fika kilomita 30 au 40, ukanyage breki kama unataka kuitoboa sakafu. Sikia mtetemo. Usitoe mguu. Rudia hadi usiogope.

Jumapili ijayo baba yangu ametuachia gari lake. Beshte amesema atakuja. Amesema pia ataanza kwa kiti cha abiria, na sijambishia.