Ndoo ya Udhu na Bafu la Hatua Mbili

Sisi watu wa pwani tukihamia bara hulalamikia baridi kwanza, kisha samaki. Mimi hayo yote niliyazoea. Kilichonishinda Kitale, alikohamishiwa mume wangu kikazi, ni bafu.

Nyumba yenyewe ni ya kupanga, vyumba viwili, wala si mbaya. Lakini bafu na choo ni chumba kimoja, futi tano kwa nne, na choo chenyewe cha kuchutama kiko pale pale miguuni pa mwenye kuoga. Mlango ukifunguliwa hugonga ndoo. Ndoo ukiisogeza hukaribia choo. Na humo humo nilikuwa nimepanga, au niseme nimerundika, beseni mbili, brashi, sabuni ya mche na ya unga, chupa ya jiki, taulo tatu, ndara, mafuta ya nazi, dawa ya kikohozi ya mtoto na madumu manne ya maji, kwa sababu bomba la ndani halitoki kila siku. Usiku ukiingia bila taa, lazima ukanyage kitu.

Basi mavyaa akaja kutoka Lamu kutuangalia. Ilikuwa mwezi wa saba, mvua na ukungu. Siku ya tatu niliamka kabla ya alfajiri nikasikia maji yakichuruzika uani. Kuchungulia dirishani, namwona mama wa watu amejifunga shuka, ameinama kwenye bomba la nje, anatia udhu. Kitale, msomaji, iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Maji ya pale saa kumi na moja za alfajiri huuma mpaka mfupani, na yeye ni mgonjwa wa magoti.

"Mama," nikamwambia, "kwani ndani maji yamekwisha?"

"Yapo, mwanangu. Lakini yale sina yakini nayo."

Hakuongeza neno, na mimi sikuwa na la kujibu. Niliingia ndani nikaitazama ile ndoo. Haina kifuniko, iko sakafuni, kiganja kimoja kutoka ukingo wa choo, na kopo limelala chini karibu yake.

Aliyesoma chuoni atafahamu mara moja. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata wengi wetu pwani, maji yasiyofika kulateni hunajisika yakiangukiwa na najisi, hata kama rangi, harufu na tamu yake havikubadilika. Kulateni ni maji mengi. Wengi hukadiria karibu lita 200, wengine zaidi. Ndoo yangu ni lita 20. Najua pia kwamba yakini haiondolewi na shaka, na kwamba mwalimu angeweza kuniambia maji yale ni tohara mpaka nione najisi kwa macho. Lakini mtu mzima aliyeswali miaka sitini na moyo uliotulia hawezi kuambiwa aanze kubishana na ndoo.

Hapo ndipo nilipoyakumbuka mabirika ya kwetu. Katika nyumba za mawe za Lamu, mji uliowekwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, birika hujengwa kwa chokaa pembeni mwa chumba cha kuogea, na mtu huyateka maji kwa kata bila kutumbukiza mkono. Mengine yamejengewa bakuli la kauri chini kabisa, ili maji yakipungua vile visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu vipate pa kujificha. Kata ina mahali pake, na ukutani mna zidaka za kuwekea vitu vidogo. Hata kule magofu ya Gedi, ambako watu walihama katika karne ya 17, utaona kando ya tundu la choo pamejengwa kibaraza cha kuwekea vyombo vya maji. Wazee wale vyumba vyao vya maji havikuwa vikubwa, lakini chombo cha maji hakikuachwa kikae chini.

Haya, mimi nitajenga birika wapi katika nyumba ya kupanga? Pipa la mafuta ni lita 200 na kitu, karibu kulateni yenyewe, lakini pipa likiingia katika bafu langu mimi natoka.

Kwanza nilikimbilia dukani. Nikanunua rafu ya plastiki yenye mipira ya kunata ukutani. Kwa baridi na unyevu wa Kitale ilikaa siku mbili. Usiku wa tatu ikaanguka na kila kilichokuwamo. Mume wangu aliruka kitandani akidhani tumevamiwa. Mavyaa alicheka mpaka akashika ubavu.

Jibu nililipata Bungoma. Rafiki mmoja wa mume wangu, mwenyeji wa huko, alitualika kwao siku ya Jumapili. Tulipanda matatu tukapita Kiminini na Kamukuywa, tukashukia upande wa Kimilili na Chwele, na hewa ikawa inapata joto kidogo kidogo. Adhuhuri ilipofika mavyaa akaomba maji. Mama wa nyumba, Mbukusu, mtu mzima kama yeye, akamwonyesha bafu nyuma ya nyumba, limejengwa kwa matofali ya kuchoma, mbali na choo. Ndani ni hatua mbili tu. Nilingoja nje, nikaona mavyaa anakawia. Alipotoka uso ulikuwa umekunjuka.

"Njoo uone," akaniita. "Hawa wana zidaka!"

Kweli. Ukutani, usawa wa bega, fundi alikuwa ameacha tofali moja hapa na moja pale, kila nafasi ina kitu kimoja: sabuni, dodoki, kopo. Ndoo ilikuwa juu ya stuli, imefunikwa. Chini palikuwa na jiwe la kusugulia miguu, basi.

"Fundi alisahau matofali, mama?" mavyaa akamtania mwenyeji.

"Hakusahau, mama. Nilisimama hapa nikamwambia acha hapa, acha pale. Sabuni ikikaa chini nani ataanguka? Si mimi?"

Wakacheka wote wawili kama waliosoma pamoja.

Mwenye nyumba wetu amekataza kutoboa kuta, kwa hiyo kuacha tofali hakuwezekani. Tuliporudi nilimwendea seremala sokoni Kitale. Akanitengenezea stuli ya futi mbili na rafu ya kusimama yenyewe, nyembamba, upana wa shubiri moja, ya kukaa ile kona ya nyuma ya mlango ambayo kila mtu huisahau. Mbao ni za saiprasi, amezipaka rangi ya mafuta, na miguu ameivisha vipande vya tairi isinyonye maji. Ndoo nilibadili nikanunua yenye kifuniko na bomba chini yake. Imekaa juu ya stuli, mbali na choo, na hakuna mkono unaoingia ndani.

Lakini kazi kubwa ilikuwa kutoa. Taulo zimehamia chumbani. Bafuni Kitale hazikauki, huota ukungu. Dawa ya mtoto nayo imetoka, kwani mvuke na unyevu huiharibu. Jiki nimeipandisha rafu ya juu kabisa, katika chupa yake yenyewe, si ya soda kama wafanyavyo wengine, na dawa ya kusugulia choo iko nje kabisa, maana viwili hivyo vikichanganyika hutoa hewa ya sumu inayobana kifua. Madumu yamepangwa uani chini ya paa. Kitasa cha mlango, kwa nje, nimekitundikia kikapu cha ukindu. Humo mtu huacha pete yenye jina la Mwenyezi Mungu, tasbihi, na siku hizi simu, ambayo ndani yake mna msahafu mzima.

Sabuni peke yake ndiyo ilinisumbua. Katika kisahani huyeyuka. Sasa iko katika kifuu nilichotoboa matundu matatu, kimening'inia kwa kamba kwenye rafu.

Kesho yake alfajiri nililala macho, nikisikiliza. Bomba la uani halikulia. Nilisikia mlango wa bafu, kisha maji kidogo kidogo, kisha mavyaa akikohoa na kuelekea msalani kwake kuswali.

Amekwisha kurudi Lamu. Kata yake ya kifuu ameiacha imetundikwa kwenye rafu, msumari wa juu. Amesema isiguswe, ataijia Shaabani.