Rusayl yaitazama Malindi: Watazamaji watoa maoni kuhusu filamu ya Nadi Ikhwan Safaa

Alhamisi usiku, wakati malori yakiendelea kuingia na kutoka katika eneo la viwanda la Rusayl, nje kidogo ya jiji la Muscat, sisi tulikuwa katika nyumba moja isiyo mbali na hapo tukisubiri filamu ianze. Sebuleni walikuwamo watu wapatao ishirini, wengi wao wa familia zilizotoka Zanzibar, na katikati ya busati kulikuwa na kahawa, halwa na sahani za sambusa ambazo hazikuchukua muda kumalizika.

Filamu yenyewe ni "Poetry in Motion", iliyotolewa 2016 na mtengenezaji filamu wa Kimarekani, Ron Mulvihill. Inahusu miaka 100 ya Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab cha Unguja kilichoanzishwa 1905. Kwa kulinganisha tu, bendi ya Rolling Stones ya Uingereza ilipoanza kupiga muziki 1962, kikundi hiki kilikuwa tayari na umri wa miaka 57.

Si filamu mpya, lakini kwa wengi waliokuwapo ilikuwa ni mara ya kwanza kuiona. Mwenye nyumba aliwaomba wageni wake jambo moja tu: ikimalizika, kila mtu aseme alivyoiona, mkubwa kwa mdogo. Nasi tuliomba ruhusa ya kuandika, tukakubaliwa kwa sharti la kutotaja majina.

Kikundi kilikotoka

Masimulizi ya Zanzibar yanasema kwamba Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipendezwa na muziki wa Misri na akampeleka Cairo kijana Mohamed Ibrahim akajifunze ganuni. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda klabu yao, wakaipa jina la Ikhwan Safaa, yaani ndugu wa usafi wa moyo. Jina hilo ni la wanazuoni wa Basra wa karne ya kumi.

Mwanzoni nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Kiswahili kilipata nguvu katika sahani za santuri kuanzia 1928, pale Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi. Nadi Ikhwan Safaa nayo ikaja kuwa hazina ya mashairi ya Kiswahili, na kwa miaka mingi watu wa Unguja wameijua zaidi kwa jina la mtaa: Malindi.

Nje ya nchi klabu hiyo ilisikika kupitia sahani zilizotolewa London na kampuni ya Globestyle kuanzia 1988. Mwaka 2005, ilipotimiza karne moja, kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa iliifanya kuwa toleo la kwanza la mfululizo wake uitwao Zanzibara.

Wakubwa wasema

Wa kwanza kutoa maoni alikuwa bibi mmoja ambaye wajukuu zake walimzunguka tangu filamu ilipoanza. Alisema nyuso nyingi za kwenye filamu hazijui, kwani aliondoka Unguja akiwa msichana. Alichokitambua ni fidla. Alituambia kwamba fidla zinapoingia zote kwa pamoja, hahitaji kuambiwa hii ni Malindi, kama vile mtu asivyohitaji kuambiwa sauti ya mama yake.

Aliyemfuatia ni mzee ambaye vijana wote pale wanamwita Ami. Yeye aliisifu filamu, lakini akasema kuwa kwa mtu kama yeye hakuna filamu ya Zanzibar inayoweza kutosha. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, familia yake ilitawanyika. Wengine walipitia Dubai na Kuwait, na wengi wakaja kukutana Oman baada ya 1970, Sultan Qaboos alipoingia madarakani na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi.

Kwa maelezo yake, kila anapowatazama wapigaji huwa anawatafuta wale ambao hawapo. Hata hivyo, alikiri kwamba jambo moja lilimpa faraja. Miaka yote ambayo wao walidhani huko nyuma kila kitu kimekwisha, kulikuwa na watu Unguja waliokuwa wakikutana jioni, wakikaza nyuzi na kufanya mazoezi. Alisema kama wangengoja siasa itulie kwanza, leo pasingekuwa na cha kupigwa picha.

Lugha yageuka

Maoni yaliyowanyamazisha watu yalitoka kwa msichana mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyezaliwa Muscat. Aliwaomba radhi wakubwa kwanza, kisha akasema kwamba nusu ya mashairi hakuyaelewa, na ilimbidi amsumbue bibi yake amfasirie. Bibi naye alifasiri kwa Kiarabu, kwa sababu Kiswahili cha mafumbo hakifasiriki kwa Kiswahili cha jikoni.

Alisema kuwa Ikhwan Safaa ilipoanza, walikuwapo watu Unguja waliosimama madirishani wakisikiliza nyimbo za Kiarabu wasizozielewa, na klabu ikatembea polepole kutoka Kiarabu kwenda Kiswahili. Familia za Rusayl, Seeb na Al Khoudh zinatembea njia hiyo hiyo kinyumenyume. Babu alisema Kiswahili, baba anachanganya, na mtoto anajibu kwa Kiarabu.

Hakuna aliyembishia. Mama mmoja alisema tu kwamba harusini watoto hao hao hucheza kila wimbo, na akaambiwa kuwa kucheza ni jambo moja na kuelewa unachotukanwa au unachosifiwa ni jambo jingine. Watu wakacheka, lakini hoja ilibaki.

Kibodi au fidla?

Ubishi mkubwa ulizushwa na kijana anayefanya kazi kiwandani hapo Rusayl na ambaye mwisho wa wiki hupiga kibodi kwenye harusi. Yeye aliona filamu inawatukuza wazee kupita kiasi. Alikumbusha kuwa umma wa leo unataka taarab ya kisasa, ile ya Jahazi na wenzao, na kwamba mwenye harusi hawezi kuwalipa wapigaji kumi na watano ilhali mtu mmoja mwenye kibodi anaweza kutoa sauti zote hizo.

Aidha, aliuliza swali ambalo sisi pia tulikuwa nalo: wapigaji wale wanaishi kwa nini? Ami alimjibu kwamba klabu za zamani zilikuwa za watu wenye kazi zao, huyu karani, yule mfanyabiashara, na waliingia klabuni kwa mapenzi. Ndiyo maana mtu mmoja akiondoka klabu haifi.

Hapo bibi aliingilia kati. Alisema hana ugomvi na kibodi, na kwamba hata mjukuu wake ataolewa kwa kibodi. Lakini fidla moja haitoshi, lazima aitwe wa pili na wa tatu, na wa tatu lazima afundishwe na wa kwanza. Mwenye kibodi hamhitaji mtu, basi na siku akiacha hamwachii mtu.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo filamu hii inapotofautiana na filamu nyingi za bendi za roki. Huko hufuatwa watu wanne au watano, na wakizeeka watazamaji huhesabu waliobaki. Katika Nadi Ikhwan Safaa hakuna hata mmoja aliyebaki katika wale wa 1905, na bado ni klabu ile ile. Kilichodumu ni desturi ya kumkalisha mdogo karibu na mkubwa mpaka mkono wake uzoee.

Siku imepatikana

Kabla ya watu kuagana, mwenye nyumba alitoa pendekezo. Muscat sasa ina jumba kubwa la opera, lililofunguliwa 2011, na ni rahisi kwenda kuketi na kusikiliza muziki wa wengine. Je, familia hizi haziwezi kukutana mara moja kwa mwezi, wakubwa wafasiri mashairi na vijana wajaribu ala? Mtu mmoja alikumbusha kuwa Unguja kipo Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofungua milango 2002, na kwamba vijana wanaokwenda likizo wangeweza kujifunza huko badala ya kushinda pwani.

Pendekezo lilikubaliwa, na Alhamisi ya kwanza ya mwezi ikachaguliwa. Mwanafunzi yule alijiandikisha wa kwanza, kijana wa kibodi akawa wa pili, jambo lililowashangaza wengi. Kisha mwenye nyumba akauliza nani atafundisha ganuni. Watu wakatazamana, na macho yote yakaishia kwa Ami, ambaye alisema vidole vyake havijagusa nyuzi tangu aondoke Unguja.

Tulipokuwa tukitoka kuelekea kwenye gari, orodha ya wanafunzi ilikuwa imefika majina tisa. Nafasi ya mwalimu ilikuwa bado wazi.